Huzuni Isiyo na Maneno

Nililelewa katika nyumba ambayo wimbo ulikuwa ni maneno. Taarabu ikianza redioni, mama alinyamazisha watu wote, si kwa ajili ya fidla wala ya kanuni, bali apate kusikia mshairi amesema nini na amemsema nani. Wimbo ukiisha ndipo mjadala ulipoanza: fumbo lile lina maana gani, aliyelengwa ni nani, na je, atajibu au atanyamaza? Ala zilikuwa sinia. Chakula kilikuwa maneno. Basi nikakua nikiamini, bila hata kujua kwamba ninaamini, kuwa muziki usio na maneno ni sinia tupu linalozungushwa mbele ya wageni.

Ninaanza na habari hii kwa sababu kazi ninayotaka kuizungumzia karibu haina maneno kabisa, nayo ilinichukua miaka tisa kuipokea. Mwaka 1994 binamu yangu alirudi likizo kutoka masomoni Uingereza, na katika mizigo yake kulikuwa na kanda aliyoinakili kwa rafiki yake. Juu ya kanda palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: Aphex Twin. Tuliipiga sebuleni baada ya chakula cha usiku. Mama alisikiliza kwa adabu kwa muda wa vipande viwili, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu anapiga muziki au anatengeneza saa?" Tulicheka sote, binamu akatoa kanda, na mimi nikaitia katika kisanduku cha kanda zilizokosa wenyewe.

Kazi yenyewe inaitwa Selected Ambient Works 85–92. Ni mkusanyiko wa vipande 13, wenye urefu wa zaidi ya dakika 70, uliotolewa mwezi Novemba 1992 na Apollo, tawi la kampuni ya santuri ya R&S ya mjini Ghent, Ubelgiji. Mtunzi ni Richard D. James, ambaye Aphex Twin ni mojawapo tu ya majina yake ya kazi. Alizaliwa Limerick, Ayalandi, mwaka 1971, akakulia Cornwall, ile pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza inayochomoza baharini, mahali palipojulikana kwa migodi ya bati na kwa upepo. Tukikubali miaka iliyoandikwa katika jina la mkusanyiko, basi kipande cha zamani kabisa kilirekodiwa alipokuwa na umri wa miaka 13 au 14. Wapo wasioamini, na mwenyewe ni mtu anayependa kuwachezea waandishi wa habari. Mimi sitakula kiapo upande wowote. Lililo wazi masikioni ni kwamba hii ni kazi ya kijana aliyekuwa peke yake na mashine zake, mbali na mji mkuu, asiyekuwa na mtu wa kumwambia jambo hili linafaa na lile halifai.

Ili tuielewe, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Muziki wa elektroniki wa kucheza haukuzaliwa Cornwall wala London. Ulizaliwa Marekani, kwa vijana weusi wa Chicago na Detroit. Katika klabu ya Warehouse ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1977, Frankie Knuckles alikuwa akiunganisha santuri usiku kucha, na inasemekana mtindo wa house ulipata jina lake kutokana na klabu hiyo. Kule Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walijenga mtindo wa tekno. Walitumia mashine za ngoma kama Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, na TR-909, iliyotoka mwaka 1983. Mashine hizo hazikufanikiwa sana sokoni, kwa kuwa ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, na kwa sababu hiyo zikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ambayo kijana asiye na kitu aliweza kuimudu. Naam, kilichotupwa na mafundi waliotaka uhalisi kikaokotwa na watoto waliotaka kucheza.

Muziki huo ulivuka bahari, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukawashika vijana wa Uingereza kama homa. Lakini mwili wa binadamu hauwezi kuruka usiku kucha bila kupumzika. Mwaka 1989, katika klabu ya Heaven jijini London, Alex Paterson na Jimmy Cauty walikuwa wakipiga muziki wa taratibu, usio na ngoma au wenye ngoma chache, katika chumba cha pembeni ambamo waliochoka walikwenda kukaa. Hapo ndipo muziki wa kucheza ulipokutana na mtoto wa ukoo mwingine kabisa: muziki wa ambienti, yaani muziki wa kuipa mahali hali yake, ambao Brian Eno aliupa jina na hoja mwaka 1978 alipotoa Music for Airports. Hoja ya Eno ilikuwa kwamba muziki wa namna hiyo uweze kusikilizwa kwa makini na uweze pia kupuuzwa, kama unavyoweza kuitazama taa ya chumbani au kuisahau huku ikiendelea kukumulikia.

Kwa hiyo palikuwa na vyumba viwili: chumba cha kucheza na chumba cha kupumzika. Ninavyoona mimi, ubora wa mkusanyiko huu ni kwamba unakaa kizingitini. Ngoma zipo karibu katika kila kipande, nazo ni ngoma za kucheza kwelikweli, zenye pigo zito linalorudi pale pale kama mapigo ya moyo. Lakini juu ya ngoma hizo kinanda cha elektroniki kinatandaza sauti ndefu, pana, zinazobadilika polepole sana. Katika "Xtal", kipande cha kwanza, kuna pia sauti ya mwanamke. Haisemi neno. Inatokea kama ya mtu anayejiimbia jikoni ilhali wewe uko chumba cha tatu na milango imefungwa. Unajua kwamba anaimba, unajua kwamba hana furaha kamili, lakini anachokiimba hukipati.

Nilikaa na kipande hicho muda mrefu nikijiuliza huzuni yake inatoka wapi, maana katika ufundi wa kawaida wa nyimbo sikuona palipojificha. Hakuna kisa na hakuna aliyeachwa. Hatimaye nikaona kwamba siri iko katika mwendo. Ndani ya kipande kimoja kuna nyakati mbili zinazokwenda pamoja bila kupatana. Chini, ngoma inahesabu na kwenda, haimsubiri mtu. Juu, zile sauti ndefu hazitaki kuondoka. Kila moja inang'ang'ania mahali pake hadi inapolazimishwa na inayofuata. Aliyewahi kufiwa anaijua hali hiyo. Miguu inakwenda sokoni, mkono unahesabu chenji, mdomo unamsalimia jirani, na wakati huohuo moyo umebaki palepale kitandani pa mgonjwa, haujapiga hatua hata moja.

Mama alifariki mwaka 2003. Sitayaeleza ya maradhi, kwa kuwa hayana tofauti na ya watu wengine. Ninalotaka kusema ni juu ya maneno. Katika siku za matanga tulipewa maneno mengi, na yote yalikuwa mema: kazi ya Mungu haina makosa, yeye mbele sisi nyuma, jikaze, wewe ndiye mkubwa. Niliyapokea kwa shukrani, na ninayatumia mwenyewe kwa wenzangu kwa sababu sijui mengine. Lakini watu walipotawanyika, niligundua kwamba siwezi tena kusikiliza taarabu. Kila ubeti ulikuwa unataka kunieleza jambo, nami nilikuwa nimeelezwa vya kutosha. Hata redio ya habari ilinichosha. Usiku mmoja, nikitafuta kanda yenye sauti yake (aliwahi kurekodiwa katika arusi moja), nikaikuta ile ya maandishi ya bluu. Niliitia mashineni kwa sababu tu haikuwa na mtu ndani yake.

Niliisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili. Sikulia. Nilichofanya, na hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi, ni kwamba kipande cha "Ageispolis" kilipofika, nilisimama na kuanza kuyumba taratibu, peke yangu, katika chumba chenye mikeka ya matanga iliyokuwa bado haijarudishwa kwa wenyewe. "Ageispolis" kina besi inayotembea kwa raha, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, na juu yake mahadhi mepesi yasiyodai chochote. Niliona aibu, kisha aibu ikapita. Asubuhi yake nilirudisha mikeka.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo yangu na wala si ubora wa muziki. Ni kweli kwamba mfiwa anaweza kuliwazwa hata na mlio wa feni. Ndiyo maana sikutaka kuandika habari ya kazi hii mpaka nilipokwisha kuisikiliza mara nyingi nikiwa mzima, nikiwa na njaa, nikiwa na kazi, hata nikiwa na furaha. Nilitaka kujua ni mimi niliyeitia huzuni ile ndani, au niliikuta imo.

Niliikuta imo. Na tena si huzuni ngeni kwetu kama nilivyodhani mwanzoni. Sisi watu wa muziki wa dansi tumezoea tangu zamani kuchezea majonzi. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe ni maombolezo ya mtu aliyeelemewa, na kwa wimbo huohuo watu walijaa ukumbini na kucheza mpaka jasho likawalowesha. Hakuna aliyeona kioja. Magitaa yalikuwa yakicheka huku mwimbaji akilalamika, na mchezaji alikuwa na uhuru wa kufuata kinachocheka kwa miguu na kinacholia kwa moyo. Kijana wa Cornwall amefika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Tofauti ni kwamba kwake mlalamikaji ameondolewa, limebaki lalamiko.

Hapo ndipo ilipo hatari ya muziki huu, na mhakiki asiyeitaja atakuwa anawadanganya wasomaji wake. Huzuni ya taarabu ina mwenye nayo na ina mshitakiwa. Unaweza kuuliza ni nani amemkosea nani. Huzuni isiyo na mwenyewe ni rahisi kuvaliwa na kila mtu, kama koti la kukodi. Katika miaka iliyofuata, wengi walijifunza kutandaza sauti ndefu juu ya ngoma laini, na leo hii muziki wa aina hiyo unamwagika bila mwisho katika simu, hoteli na ofisi, ukimsaidia mtu asisikie chochote, hata moyo wake mwenyewe. Hoja ya Eno ilikuwa na pande mbili. Wafuasi wengi wameubakisha upande mmoja tu, ule wa kupuuzwa.

Kinachouokoa mkusanyiko huu wa mwanzo, kwa maoni yangu, ni mambo matatu. La kwanza ni ngoma, ambazo hazimruhusu msikilizaji kuoga tu katika majonzi yake, zinamtaka asimame. Katika "Heliosphan" ngoma zinakimbia kwa kasi huku zile sauti za juu zikipanda kwa fahari kama jua la asubuhi, na mtu anajikuta anashikwa na kitu kinachokaribia kuwa ushujaa. La pili ni mahadhi. James ana kipaji cha kubuni mahadhi mafupi ambayo mtoto angeweza kuyaimba, na ambayo hata hivyo hayachoshi yakirudi mara thelathini. Ufundi huo haufundishiki. Wengine walinunua mashine bora kuliko zake na hawakuupata.

La tatu ni uchakavu. Binamu yangu alininakilia kanda kutoka kanda nyingine, kwa hiyo nilizoea kuusikia muziki huu kupitia mvumo na ukungu. Nilipokuja kupata diski ya kampuni, nilitazamia kwamba pazia litaondolewa. Halikuondoka. Ukungu ulikuwa umo tangu mwanzo, kwa kuwa rekodi zenyewe zilitoka katika kanda za nyumbani. Sauti za juu zimefifia, na mlio mzima una joto la kitu kilichoshikwashikwa na mikono mingi. Fundi wa studio angeliita kosa. Mimi naona ni sehemu ya maana, maana kumbukumbu nayo haitujii ikiwa safi. Kile cha arusi nilichokitafuta usiku ule nilikipata baadaye, na sauti ya mama imo, chini ya mvumo wa namna hiyohiyo.

Makosa yapo. "Green Calx" ni kipande cha vishindo na milio mikali inayopindapinda, chenye ucheshi wake, lakini kimewekwa katikati ya mkusanyiko kama mtu anayepiga chafya kwenye dua. "Hedphelym" ni kizito na kimejaa giza, nami nakiri kwamba mara nyingi nakiruka. "Tha" kinachukua kama dakika tisa. Ngoma yake ni nzuri na zile sauti za watu zinazonong'ona kwa mbali, kama abiria katika kituo kikubwa, zinanigusa, lakini ingetosha dakika sita. Kwa jumla vipande havina safari. Vinafunguliwa, vinaongezewa tabaka, vinapunguzwa, vinazimwa. Aliyezoea wimbo unaokwenda mahali na kurudi na habari atahisi kwamba amezungushwa uani. Kinyume chake, kipande kidogo kinachoitwa "i", kinachozidi dakika moja kwa sekunde chache tu na kisicho na ngoma, kinasema jambo lake na kunyamaza. Ningependa viwe vingi zaidi vya namna hiyo. Mwaka 1994 mtunzi alitoa mkusanyiko wa pili kupitia kampuni ya Warp, na humo ngoma karibu zimetoweka kabisa. Wako wanaouona kuwa bora, lakini kwangu miguu ilikosa kazi.

Neno moja juu ya majina ya vipande, kwa kuwa yamewasumbua wengi. "Pulsewidth" ni neno la mafundi wa umeme, "Actium" ni jina la mahali pa vita vya baharini vya mwaka 31 kabla ya Kristo, na "Ptolemy" ni jina la yule mtaalamu wa nyota na jiografia wa Alexandria, ambaye katika kitabu chake aliitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu hii ambayo mahali pake hasa panabishaniwa hadi leo. Usitafute fumbo. Nadhani kijana aliyapenda yalivyolia tu. Mama asingekubali jibu hilo. Yeye angetaka kujua aliyelengwa ni nani.

Na maneno je? Nilisema karibu hamna. Katika kipande cha nane kuna sentensi moja inayosemwa na mwigizaji Gene Wilder, iliyochukuliwa kutoka filamu ya Willy Wonka ya mwaka 1971, na mwigizaji naye alikuwa ameitoa katika shairi la Arthur O'Shaughnessy la karne ya 19. Kwa hiyo hata maneno machache yaliyopo ni ya kuazima, tena ya kuazima mara mbili. Sentensi hiyo inarudiwa mpaka inaacha kuwa maneno na kuwa mdundo. Zamani ningeliona hilo ni tusi kwa ushairi. Sasa ninakumbuka kwamba na sisi, katika zile siku za matanga, tulilirudia jina la marehemu na zile sentensi chache za faraja mpaka hazikuwa tena na maana ya kamusi, zikabaki mdundo wa kutuwezesha kufika jioni. Labda faraja yake ilikuwa hapo, wala si katika yale yaliyosemwa.

Kwa anayetaka kujaribu, ningeshauri asianze usiku wala asianze akiwa na majonzi. Aanze mchana, akiwa na kazi ya mikono isiyohitaji kufikiri, kupiga pasi au kuchambua mchele, na aanze na "Xtal", "Ageispolis" na "Heliosphan". Akiona mguu umeanza kutikisika bila ruhusa yake, aendelee. Asipoona, airudishe kanda kisandukuni wala asijilaumu. Mimi niliiacha humo miaka tisa. Swali la mama bado sijalijibu vizuri. Nadhani nikiulizwa leo nitasema kwamba ni kweli, huyu anatengeneza saa, na kwamba ziko siku ambazo mtu hahitaji kingine ila kujua kwamba mahali fulani kuna saa inayokwenda.